Francis Grasso: DJ aliyezitembeza sahani mbili kwa mdundo mmoja

Kila DJ anayeunganisha nyimbo mbili bila watu kusimama kucheza, iwe kwenye harusi ya Hombo ama kwenye klabu ya Kinshasa, anafuata njia iliyofunguliwa na kijana mmoja wa Brooklyn, mjini New York, nchini Marekani. Ni Francis Grasso, aliyezaliwa mwaka 1949 na kufariki Machi 2001.

Grasso hakuanza na sahani za muziki. Baada ya ajali ya pikipiki, miguu yake haikumtii vizuri, na daktari akamshauri acheze dansi. Akawa mchezaji wa kulipwa katika klabu ya Trude Heller, kwenye kartiye ya Greenwich Village. Huko alijifunza kuwasoma watu: wimbo gani unawainua, na ni wapi wanaanza kuchoka.

Kunako mwaka 1968 alikuwa mteja katika klabu ya Salvation II, usiku ambao DJ wa pale, Terry Noel, alichelewa kufika. Mwenye klabu akamwomba Grasso ajaribu. Noel alipofika, alikuta nafasi yake imekwisha kuchukuliwa.

Katika klabu nyingi za wakati ule, wimbo ulikuwa unaisha, kimya kinaingia, watu wanarudi mezani. Grasso alikikataa kimya hicho. Bob Casey, fundi wa sauti, alimwonyesha mbinu ya mafundi wa redio: platini inazunguka, lakini sahani iliyo juu yake inazuiwa kwa kidole, na kitambaa laini kilicho chini yake kinaiacha iteleze. Kidole kikiondoka, wimbo unaanza palepale bila kukokota.

Hatua ya pili, kupatanisha midundo, ilikuwa ngumu zaidi. Wimbo mmoja ukiwa na mapigo 100 kwa dakika na mwingine 104, zinaachana baada ya sekunde chache, na ngoma inasikika kama inajikwaa. DJ anausikiliza wimbo unaokuja kwa sikio moja, ule unaocheza kwa sikio lingine, kisha anapunguza au kuongeza mwendo wa platini mpaka zote mbili zitembee pamoja. Grasso alitumia platini za Thorens zenye kirekebisha mwendo. Hakukuwa na kompyuta ya kumhesabia mapigo. Tena wapiga ngoma walikuwa watu, si mashine: mwendo ulibadilika ndani ya wimbo uleule, na mkono wa DJ ulipaswa kuufuata. Platini ya Technics SL-1200 MK2, ambayo ma-DJ wengi wameijua, ilitoka mwaka 1979 tu.

Jina la Grasso lilikua katika klabu ya Sanctuary, iliyofunguliwa ndani ya kanisa la zamani la Wabatisti wa Kijerumani. Platini zilikaa juu ya altare. Hapo alichanganya ngoma za Babatunde Olatunji wa Nigeria na roki ya Led Zeppelin. Miaka michache baadaye, ma-DJ wa mji huohuo waliusukuma mbele wimbo Soul Makossa wa Manu Dibango, Mkameruni aliyewahi kupiga muziki na Joseph Kabasele huko Léopoldville.

Kazi hii inadai vyombo safi. Sindano inapita katika mfereji mwembamba sana. Vumbi kidogo linaweza kuirusha na kuharibu kila kitu mbele ya watu. Sahani inashikwa kwenye ukingo, inapanguswa kwa brashi laini kufuata mzunguko, inasimamishwa wima ndani ya mfuko wake, mbali na jua, maana joto linaipinda. Sindano iliyochakaa inabadilishwa mapema, kwani inaukwaruza mfereji na jeraha hilo halitengenezeki.

Grasso hakuficha ujuzi wake. Aliwafundisha Steve D'Acquisto na Michael Cappello, nao wakaueneza. Sanctuary ilifungwa mwaka 1972. Alipotaka kusimamisha klabu yake mwenyewe, Café Francis, alipigwa vibaya usoni na watu ambao hawakutaka ashindane nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliziacha platini akaenda kufanya kazi ya ujenzi, wakati ma-DJ wengine walikuwa wanatajirika kwa mbinu yake. Alifariki Brooklyn, alikozaliwa.

Leo programu inapatanisha mapigo kwa kitufe kimoja, na DJ anayecheza nyimbo za flash anaweza asiguse sahani hata siku moja. Lakini programu inahesabu vibaya mara nyingi kwenye sebene ya zamani, ambayo mwendo wake unapanda katikati ya wimbo. Hapo DJ anabaki na sikio na kidole chake, jinsi Grasso alivyofanya juu ya altare ile.