Lucy Wills, daktari aliyekuta tiba ya damu kwenye chakula

Mama mjamzito akifika kliniki, iwe Mbeya au Iringa, hupewa vidonge vya kuongeza damu. Vina madini ya chuma na foliki asidi. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefanya foliki hiyo ijulikane.

Lucy Wills alizaliwa Uingereza mwaka 1888. Alisoma elimu ya mimea Cambridge, kisha udaktari London, akahitimu 1920. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, ambako wajawazito maskini, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wakifa kwa kupungukiwa damu.

Wills alichunguza sahani zao, akaona mboga na matunda ni haba. Akawalisha kima chakula kama kile, nao wakaishiwa damu. Kima mmoja alipopewa Marmite, uji mzito wa hamira wa bei nafuu, alipata nafuu. Wajawazito waliopewa nao wakapona. Matokeo yalichapishwa 1931.

Kilichoponya hakikuwa na jina bado. Mwaka 1941 wanasayansi Marekani walikipata kwenye spinachi, wakakiita foliki, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Wills alifariki 1964. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulionyesha jambo jingine: kwa wanawake waliowahi kupata mimba ya mtoto mwenye mgongo wazi, foliki iliyoanza kutumika kabla ya mimba ilipunguza hatari ya kurudia kwa karibu robo tatu.

Hapo ndipo tunapotaka tusikilizane. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi za mwanzo, wakati mama wengi hawajui kama wana mimba. Anayeanza kliniki mwezi wa nne atasaidika damu, lakini kwa mgongo wa mtoto amechelewa. Kwa hiyo, mwenye mpango wa kuzaa aulize zahanati kuhusu vidonge mapema.

Nyumbani, foliki ipo kwenye maharage, njegere, mchicha na majani ya maboga. Osha mboga kabla ya kukata, usiipike muda mrefu, wala usimwage maji yake.

Tangu 2011 kanuni zinataka viwanda viongeze foliki kwenye unga wa ngano na mahindi. Unga wa mashine ya kijijini kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Nyumba inayoutegemea isikose maharage na mboga za majani.