Georges Claude na Baridi ya Vilindini

Kwetu Mji wa Kale mwezi wa Februari ni taabu tupu. Bibi hukaa ndani ya kuta nene za mawe na chokaa akaridhika. Sisi vijana twataka kiyoyozi, lakini bili ya stima nani atailipa? Basi niliposikia kwamba bahari yaweza kupoza nyumba, nikamtafuta mtu aliyeihangaikia.

Ni Mfaransa, Georges Claude, aliyezaliwa Paris mwaka 1870. Zile taa za neoni za madukani ni kazi yake. Alizionyesha Paris mwaka 1910. Kabla ya hapo, mwaka 1902, alibuni njia ya kugeuza hewa kuwa kiowevu, akatajirika.

Rafiki yake d'Arsonval alikuwa ameeleza tangu 1881 kwamba tofauti ya maji moto ya juu ya bahari na baridi ya chini yaweza kutoa umeme. Claude akaenda Matanzas, Kuba, akatia pesa zake mwenyewe. Bomba la kwanza likapotea baharini. La pili pia! La tatu, la kilomita mbili hivi, likashika, na mwaka 1930 mtambo ukatoa kilowati 22. Lakini pampu zilikula umeme zaidi ya huo. Hakukoma: alichukua meli hadi Brazili atengeneze barafu, na huko pia bomba likamponyoka. Hapo ndipo nilipompenda.

Mapenzi yakapoa niliposoma mbele. Wakati wa vita aliwaunga mkono Wajerumani waliokuwa wameiteka nchi yake, na mwaka 1945 akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiliwa 1950, akafa 1960.

Hata hivyo baridi aliyoifuata ilifaa kwa kazi nyepesi zaidi. Tangu 2006 hoteli moja huko Bora Bora hupozwa kwa maji ya kina cha mita 900 hivi, yenye nyuzi 5 tu. Maji ya chumvi hayaingii vyumbani. Hupoza maji matamu yaliyo katika mabomba mengine, na hayo ndiyo huzungushwa. Stima inayobaki ni ya pampu.

Nasi je? Jina Kilindini lisitudanganye, kina chake ni cha meli tu. Baridi hiyo iko mbali, nje ya mwamba, na bomba la huko ni ghali mno. Nilipomweleza bibi aliniuliza litapita wapi katika vichochoro vyetu. Mpaka leo sijamjibu.