Kamante: Mpishi Aliyejulikana Dunia Nzima Kupitia Kitabu cha Bosi Wake

Ukikaa steji ya Garsen asubuhi utawaona. Basi la kutoka Lamu likisimama kuchukua abiria wa Mombasa, hakosi msichana mmoja na begi lake dogo, mamake kando akimpa maneno ya mwisho. Anaenda kufanya kazi za nyumba kwa watu. Mtaani tunamwita mboch, na tunacheka. Tangu niache chuo nirudi huku Tana River nimeona wengi wakienda hivyo, na kila mara namkumbuka mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo hiyo karibu miaka mia iliyopita. Anaitwa Kamante Gatura.

Kamante alizaliwa takriban mwaka 1912, mtoto wa Kikuyu, karibu na vilima vya Ngong. Wakati huo serikali ya mkoloni ilikuwa imetwaa ardhi na kuwagawia Wazungu. Familia zilizokuwa pale zikageuka maskwota: unalima kipande kidogo, na badala ya kodi unamfanyia Mzungu kazi siku kadhaa kila mwaka. Shamba walilokaa kina Kamante lilikuwa la kahawa, ekari elfu sita hivi, na mwenyewe alikuwa mwanamke kutoka Denmark, Karen Blixen, aliyefika Kenya mwaka 1914.

Kijana huyu alikuwa akichunga mbuzi huku miguu imejaa vidonda. Blixen alijaribu kumtibu nyumbani, ikashindikana, akampeleka hospitali ya wamishonari wa Scotland kule Kikuyu. Alikaa miezi mitatu. Alirudi siku ya Pasaka, miguu imepona na yeye ameshakuwa Mkristo.

Akaanza kazi kwa kutunza mbwa. Baadaye akasaidia kutibu wagonjwa waliokuja pale nyumbani, halafu akaingia jikoni. Huko ndiko alikoshangaza watu. Hakujua kusoma, kwa hivyo kitabu cha mapishi hakikumsaidia kitu. Kila chakula alikiweka kichwani, akakipa jina la jambo lililotokea siku aliyojifunza. Kuna mchuzi aliouita wa radi, na mwingine wa farasi wa kijivu aliyekufa. Alinunuliwa chombo cha kupigia mayai, akakiacha kikashika kutu. Alitumia kisu cha kupalilia magugu, na mayai yakaumuka vizuri tu.

Bosi wake akila kitu kitamu kwa rafiki zake au Muthaiga Club, alimtuma Kamante kwa wapishi wa huko akajifunze. Sasa fikiria hapo. Muthaiga Club ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika hangeingia kuketi mezani, lakini jikoni aliruhusiwa, kwa sababu bila yeye meza ingebaki tupu. Ndivyo Nairobi yote ilivyopangwa. Wazungu walikaa sehemu zao nzuri, Wahindi kwao, na Waafrika wakasukumwa mashariki, Pumwani na majirani zake. Mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, karatasi ya kazi ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Asubuhi huyo huyo anakuoshea mtoto na kukupikia chai.

Mwaka 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward, alikula shambani kwa Blixen, na mpishi alikuwa Kamante. Mgeni akausifu mchuzi wa Cumberland. Sifa ilimfikia Kamante jikoni, na miezi baadaye bado alikuwa anaiulizia. Lakini chakula kile cha kifalme yeye hakukitamani. Alipenda viazi vitamu na mahindi.

Mwaka 1931 shamba lilifilisika likauzwa. Blixen alihangaika mpaka maskwota wakapewa mahali pa kuhamia pamoja, upande wa Dagoretti, kisha akarudi Denmark. Ardhi ikakatwa viwanja, na leo mtaa huo wa kitajiri unaitwa Karen. Kamante akabaki akitafuta kazi. Alimtumia Blixen barua, akimlipa mwandishi wa barua aliyekaa nje ya posta amwandikie.

Hasira ya ardhi za namna hiyo ndiyo iliyowasha Mau Mau, na moshi wake ulifika mpaka huku kwetu. Tarehe 3 Machi 1959, kambini Hola, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa kwa kukataa kazi ya lazima. Kwa hivyo tusidhani hii ni hadithi ya watu wa bara peke yao.

Kitabu cha Blixen, Out of Africa, kilitoka mwaka 1937, na watu wengi hukisoma kama riwaya. Humo Kamante ni wa ajabu, mwenye akili na mcheshi. Ila ni Kamante aliyeonekana kutoka sebuleni. Yeye mwenyewe alisubiri mpaka 1975, Mmarekani Peter Beard alipochapisha kitabu cha hadithi na michoro ya Kamante, zilizotafsiriwa kwa msaada wa wanawe. Karibu miaka arobaini! Na hata hapo ilibidi aje mgeni mwingine wa kumsikiliza.

Kamante alifariki mwaka 1985. Mwisho wa mwaka huo huo filamu ya Out of Africa ikatoka, ikabeba tuzo saba za Oscar. Nyumba ya Blixen ikawa makumbusho, na watalii hupelekwa mpaka jikoni.

Simsomi Kamante ili nimchukie bosi wake. Alimtibu, akampa kazi, akapigania maskwota wake. Lakini wema wa mwenye nyumba haukubadilisha nani ana ardhi, nani ana kipande shingoni, na nani ana kalamu. Hiyo kalamu ndiyo inayoniuma, maana leo hata sisi tunaishika.

Kwa hivyo yule msichana wa steji ya Garsen akirudi sikukuu, tusimuulize tu ametuletea nini. Tumuulize ameona nini. Kuna riwaya nzima ndani ya lile begi dogo, na isipoandikwa naye au nasi, itaandikwa na bosi wake.