Luigi Broglio, Mwitaliano aliyeipeleka Ngomeni angani

Hapa Nairobi, wengi wanaotoka katikati ya jiji kwenda Westlands hupita Barabara ya Uhuru. Waulize maana ya jina hilo, watakutajia bendera ya 12 Desemba 1963. Wachache mno wanajua kwamba jina hilo liliwahi kupaa hadi angani, na kwamba lilipaa kutoka kwetu Ngomeni. Nyuma ya safari ile alikuwako Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1911. Alikuwa mhandisi, afisa wa jeshi la anga na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Roma. Kikosi chake kilirusha San Marco 1, setilaiti ya kwanza ya Italia, mwaka 1964, lakini kutoka Marekani. Yeye alitaka mahali karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi zaidi, tena upande wa mashariki pawe na bahari tupu ya kupokea vyuma vinavyoanguka. Akapata Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi. Majukwaa ya chuma yakasimamishwa baharini, na 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikaruka.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, Waitaliano waliirushia Marekani setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kutafuta eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku ile. Iliorodhesha vyanzo 339.

Roketi ya mwisho iliruka 1988, lakini kituo kiliendelea kusikiliza. Tarehe 28 Februari 1997, BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi ambayo habari zake ziliteremshwa Malindi kisha kupelekwa Roma, iliona mmweko wa miale ya gama. Mimweko hii aghalabu hudumu sekunde tu, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua inatoka wapi. Saa 8 baadaye darubini za eksirei zikageuzwa upande ule, zikakuta mwanga uliobaki. Baada ya siku 3 ulikuwa umefifia sana. Ni kama kaa la moto: ukiliwahi lingali na joto, utajua jiko lilikuwa wapi. Mwaka huohuo, kwa mmweko mwingine, wanafalaki walithibitisha kwamba hutoka umbali wa mabilioni ya miaka ya mwanga.

Broglio alifariki Roma Januari 2001, na leo kituo kinaitwa kwa jina lake.

Sisi wa Pwani tuna maswali kuhusu manufaa ya kituo kile kwa wenyeji, na tuyaulize bila woga. Lakini haki ya mtu apewe. Mzee yule aliona thamani ya bahari yetu kabla yetu. Linalobaki ni watoto wa Ngomeni kusomeshwa elimu ile, wasiishie kuwa walinzi wa lango lake.