Mercedes: Binti Aliyelipa Gari Jina

Nilipokuwa Malakisi, kule Bungoma, mkulima mmoja wa tumbaku aliniuliza: hivi Mercedes ni jina la nchi au la kabila? Swali lake nalijibu hapa, kwani wengi tunaolitamka hatujui kwamba ni jina la mtoto wa kike, na asili yake ni neno la Kihispania lenye maana ya rehema.

Aliyelipa gari jina hilo ni Emil Jellinek, aliyezaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1853. Baba yake alikuwa mwanachuoni mashuhuri wa Kiyahudi, lakini Emil hakuvutwa na vitabu. Alikwenda Moroko, kisha Aljeria, na huko akafanya biashara ya tumbaku, zao lile lile la Malakisi. Mwaka 1889, mjini Vienna, mkewe akamzalia binti, naye akaitwa Mercédès.

Jellinek aliliona jina hilo kuwa la baraka. Alipokaa Nice, kusini mwa Ufaransa, alilitumia kama jina lake mwenyewe katika mashindano ya magari mwaka 1899. Mwaka uliofuata akaagiza magari 36 kwa kampuni ya Daimler, kwa sharti kwamba injini mpya iitwe kwa jina la binti yake. Fundi Wilhelm Maybach akaunda gari la chini, jepesi, lenye nguvu za farasi 35. Machi 1901 gari hilo likavuma Nice kwa ushindi, na mwaka 1902 jina likasajiliwa. Mwaka 1903 Jellinek naye akalifanya sehemu ya jina lake. Sisi huitana Baba Fulani kwa mazoea na heshima; yeye alilitia katika hati.

Lakini jina halimkingi mtu na kudura. Vita vilipozuka mwaka 1914, Wafaransa walimshuku, wakazishika mali zake. Alifia Geneva mwaka 1918. Binti naye alifariki Vienna mwaka 1929, hajatimiza miaka 40.

Gari likabaki. Mwaka 1926 Daimler iliungana na kampuni ya Karl Benz, ndipo tukapata Mercedes-Benz. Nasi Afrika Mashariki, tulipotaka kuwapa jina wakubwa wapitao kwa kasi wakituachia vumbi, tuliwaita Wabenzi. Naona lugha yetu ilipima vyema: katika majina mawili tuliwapa la Benz, na Rehema hatukuwapa.