Mekatilili wa Menza: Mathe Aliyegoma Vijana wa Pwani Wasibebeshwe Vita ya Wazungu

Jina lake unalijua. Pengine umepita kwenye sanamu yake Malindi, ama ulimwona 9 Agosti 2020 wakati Google walimchora kwenye ukurasa wao. Lakini uliza wasee pale Mtopanga ama Mwandoni Mekatilili alifanya nini hasa, na wengi watakwambia alimzaba Mzungu kofi, basi. Story yake imeenda mbali kuliko hilo kofi. Ni story ya vile vita iliyoanzia Ulaya ilifika mpaka mlangoni kwa Wagiriama, na mama mjane aliyeiona balaa kabla haijafika.

Kaka aliyechukuliwa

Alizaliwa miaka ya 1860 hivi, Mutsara wa Tsatsu, upande wa Ganze, Kilifi. Jina la kuzaliwa ni Mnyazi wa Menza. Kwao alikuwa binti peke yake. Kaka yake mmoja, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa na hakuonekana tena nyumbani. Shika hapo, maana ndipo utaelewa kwa nini baadaye hakutaka kusikia habari ya mtu kuja kubeba vijana wa watu.

Aliolewa na Dyeka wa Duka, akapata mtoto akaitwa Katilili. Kuanzia hapo akawa Mekatilili, yaani mama Katilili. Bwanake alipofariki, akabaki mjane. Na mjane wa Kigiriama alikuwa na nafasi ya kusema ambayo mke wa mtu hakuwa nayo.

Champion aja na rada zake

Mwaka 1912 serikali ya Mwingereza ilimtuma Arthur Champion kwa Wagiriama. Kazi yake: kodi ya nyumba ilipwe, na vijana waende kufanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Mgiriama naye alikuwa na mahindi yake, anauza, anajipanga. Akalime shamba la mwingine ili iweje?

Mekatilili akaingia barabarani. Alicheza kifudu, ngoma ya matanga, kijiji baada ya kijiji. Watu wakija kwa ngoma, anawapa ujumbe. Akashirikiana na mzee Wanje wa Mwadorikola, watu wakala viapo: akina mama cha mukushekushe, wanaume cha fisi. Ukishakula kiapo, kumsaidia Mzungu ni kujitafutia kifo.

Agosti 1913 Champion aliita mkutano. Wazee husimulia kwamba Mekatilili alikuja na kuku na vifaranga vyake, akamwambia Champion ajaribu kuchukua kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Kila mama pale akaelewa. Ukigusa mtoto, mama yake hatakuachia.

Miezi miwili baadaye makarao walimkamata, yeye na Wanje. Wakahukumiwa miaka mitano uhamishoni, wakapelekwa Kisii, ng'ambo kabisa ya nchi. Serikali ikadhani imemaliza maneno. Januari 1914 wote wawili wakahepa na kurudi Pwani. Tunazungumzia safari ya zaidi ya kilomita 700, na simulizi zinasema walitembea kwa miguu, mathe wa miaka hamsini hivi!

Vita yapiga hodi

Sasa cheki tarehe. 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani, Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti. Hiyo kaya ndiyo ilikuwa moyo wa Wagiriama, mahali pa maombi na pa wazee.

Kidonda hakijakauka, serikali ikaja na dai jipya: wanaume 1,000 wakabebe mizigo ya jeshi. Wagiriama wakashika mishale. Askari wa King's African Rifles wakaletwa na bunduki, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa, watu wakafa. Mekatilili alikamatwa tena mwezi huo huo. Kufikia Oktoba Wagiriama walikuwa wamelazimishwa kukubali masharti: faini, vibarua, na kuhama ardhi yao nzuri kaskazini mwa mto Sabaki.

Na vita haikuwa mbali. Ukivuka ferry Likoni ukaendelea kusini unafika Gazi. Wajerumani kutoka Tanganyika walifika mpaka huko 1914, wakitaka kuingia Mombasa, wakazuiliwa.

Waliobebeshwa mizigo waliteseka. Hakukuwa na barabara za kupitisha malori, na wanyama walikufa kwa mbung'o, kwa hivyo risasi na unga vilipanda kichwani mwa binadamu. Waingereza walitumia wapagazi karibu milioni moja Afrika Mashariki, na hesabu yao wenyewe ilionyesha waliokufa ni kama 95,000. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndipo tukapata Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar.

Kurudi nyumbani

Vita ilipoisha, Mwingereza alikuwa tayari amelegeza kamba na kuacha Wagiriama warudi ng'ambo ya Sabaki. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje wakarudi pia, wakaishi Kaya Fungo. Wanje akaongoza baraza la wanaume, Mekatilili la wanawake. Alifariki 1924, akazikwa Bungale, Magarini, kaskazini mwa Sabaki, kwenye ile ardhi waliyokuwa wamefukuzwa.

Siku ukipita Mwembe Tayari, angalia zile sanamu za askari kando ya Jomo Kenyatta Avenue. Ziliwekwa kukumbuka Waafrika wa vita hiyo, wapagazi wakiwemo, na majina yao wengi hatutayajua kamwe. Halafu kumbuka kwamba juzi tu kuna vijana Wakenya walioahidiwa kazi Urusi, wakajikuta wamevalishwa magwanda na kusukumwa mstari wa mbele. Akija mtu mtaani na ofa ya safari na ganji nono, muulize swali la Mekatilili: hii vita ni ya nani, na mtoto wa nani ndiye anaenda kuibeba?