Lalamiko Lililofika Nairobi

Mimi ni mwalimu katika Kitui, na kwa miaka mingi nimepewa dhamana ya ushauri nasaha shuleni. Wapo wanafunzi wanaonijia kila juma na manung'uniko yale yale, wakaondoka wamepoa, kisha wakarudi vile vile. Mmoja nilimkaripia akome kulalamika. Akakoma kweli, na shule akaiacha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatafakari maisha ya Muindi Mbingu.

Muindi alikuwa mtu wa Ngelani, wilayani Machakos, wilaya ambayo zamani zile ilijumuisha pia Makueni. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru mifugo ya Wakamba ipunguzwe kwa nguvu, kwa hoja kwamba udongo ulikuwa ukimomonyoka. Wenyeji walikuwa wakiuona mmomonyoko huo. Lakini walijua pia kwamba malisho yao mema yalikuwa yametwaliwa na walowezi. Ng'ombe wakanyakuliwa na kuuzwa kwa bei duni, wengi wakiishia katika kiwanda cha nyama cha Athi River.

Kila boma lilinung'unika. Muindi na wenzake wa Ukamba Members Association waliyapa manung'uniko hayo mahali pa kwenda na ombi moja: mifugo isichukuliwe kwa nguvu. Barua zilipokosa kuzaa matunda, mwezi wa Julai maelfu ya wanaume, wanawake na watoto walitembea hadi Nairobi, wakapiga kambi huko majuma kadhaa wakimngoja gavana. Agosti, Gavana Brooke-Popham alikwenda Machakos kuzungumza nao, na kabla ya mwaka kwisha unyakuzi ule ukaachwa.

Muindi alilipa gharama kubwa. Alihamishiwa Lamu kama mfungwa, akarejea kwao mwaka 1946, na mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, akauawa. Wala ardhi iliyotwaliwa haikurudishwa. Katika miaka ya 1940 baadhi ya watu walipewa makao mapya Makueni, kwenye vichaka vya mbung'o.

Walimu wenzangu, simwambii tena mwanafunzi anyamaze. Namwuliza ni nani angependa alisikie neno lake, na ni jambo gani moja analotaka litendeke. Jibu huchukua majuma mengi, na si kila ombi hukubaliwa. Lakini yule niliyemnyamazisha sikumwuliza hata mara moja.